Kuitunza lami iliyozeeka kabla haijatoboka: mwongozo kwa barabara za mitaa ya Lubumbashi

Lami, au gudroni kama wengi wetu tunavyoiita hapa Lubumbashi, huzeeka kutoka juu kwenda chini. Jua na hewa huikausha bitumeni inayoshikilia kokoto, weusi wake hugeuka kijivu, na ule unyumbufu uliokuwa ukiiwezesha kubonyea kidogo chini ya gurudumu na kurudi mahali pake hupotea mwaka hadi mwaka. Mchanga uliojaza nafasi kati ya kokoto huanza kuchomoka, na ukipitisha kiganja juu ya barabara ya miaka minane au kumi kitabaki na vumbi jeusi na vijiwe. Hadi hapo barabara bado ni nzima. Kinachoiua ni maji ya mvua yanayopenya kwenye nyufa hadi kwenye tabaka la changarawe lililo chini, kwa sababu changarawe iliyolowa haiwezi kubeba uzito iliokuwa ikiubeba ilipokuwa kavu, na lori litakalopita hapo wakati wa masika ndilo litakaloibonyeza lami mpaka ipasuke na kuacha shimo.

Mwongozo huu unahusu kazi inayofanyika kabla ya shimo hilo, yaani kuziba nyufa na kupaka tabaka jembamba la lami juu ya uso uliokauka. Nimeuandika kwa ajili ya wale wanaosimamia njia ndogo: mtaa wa makazi, njia ya shule, uwanja wa parokia, kambi ya wafanyakazi. Barabara ya taifa namba 1, inayobeba malori ya shaba kutoka Kolwezi na Likasi kwenda mpakani Kasumbalesa, ina hesabu nyingine kwa sababu uzito wake ni mwingine, na mtu asichukue vipimo vya hapa kuvipeleka kule.

Tabaka la kupaka haliongezi nguvu ya barabara. Linazuia maji yasiingie, linazuia jua lisiendelee kuikausha lami ya zamani, na likiwa na kokoto hurudisha ukali wa uso unaoshika matairi. Basi ukilipaka juu ya barabara iliyokwisha kuvunjika, umeifunika tu. Nimeona zaidi ya mara moja kamati ya mtaa ikipata fedha kidogo na kuzipeleka kwenye barabara mbovu kuliko zote, kwa kuwa ndiyo inayolalamikiwa, huku ile ya jirani, ambayo ingeokolewa kwa nusu ya fedha hizo, ikiachwa mpaka nayo ifikie ubovu huohuo.

Kuikagua barabara

Ukaguzi mzuri hufanyika Machi au mwanzoni mwa Aprili, mvua zinapokaribia kwisha, asubuhi baada ya mvua ya usiku. Subiri jua likaushe uso wa barabara, kisha tembea kwa miguu. Nyufa hukauka mwisho, hivyo kwa muda wa nusu saa hivi utaziona zote zimechorwa kwa mistari myeusi ya unyevu, hata zile ambazo mchana jicho lisingeziona. Chukua chokaa au rangi, uweke alama.

Nyufa hazifanani. Ufa mmojammoja unaokwenda kwa urefu au kukatiza barabara hauna neno, unazibika. Nyufa zilizoshikana na kukata lami vipandevipande kama ngozi ya mamba ni habari nyingine, kwa sababu zinaonyesha kwamba tabaka la chini limelegea. Na ukiona kando ya nyufa hizo doa la tope jekundu, jua kwamba kila gurudumu linapopita, maji yaliyofungiwa chini yanasukumwa juu pamoja na udongo wa msingi. Mahali hapo hapapakwi kitu. Panachimbwa, panajazwa upya na kushindiliwa, ndipo panapata kiraka.

Chukua pia ubao ulionyooka wa mita mbili, ulaze kukatiza njia ya magurudumu, na upime nafasi iliyo kati ya ubao na lami. Ikiwa imezidi sentimita moja na nusu, maji yatasimama hapo hata baada ya kupaka, na ni bora kusawazisha kwanza. Angalia madoa ya mafuta, hasa mahali malori na mabasi madogo yanapoegeshwa, kwa maana mazuti, yaani dizeli, inaiyeyusha bitumeni. Ukichoma doa la zamani kwa bisibisi utaikuta lami imekuwa laini kama sabuni iliyolowa. Doa jepesi husuguliwa kwa sabuni na maji, lakini lami iliyolainika kiasi hicho hukatwa.

Kipimo kingine nisichokiacha ni cha mchanga, kwa kuwa hakina gharama na huondoa ubishi. Pima mililita 50 za mchanga mkavu, mwembamba, uliochujwa. Umwage juu ya lami iliyofagiwa, kisha uusambaze kwa mduara kwa kutumia kibao bapa mpaka ulingane na vichwa vya kokoto. Pima kipenyo cha duara. Likiwa na sentimita 25, wastani wa kina cha uso ni milimita moja hivi. Likiwa na sentimita 18, kina ni karibu milimita mbili. Kadiri duara linavyokuwa dogo ndivyo uso ulivyo na vishimo vingi, na ndivyo utakavyokunywa lami nyingi zaidi utakapoupaka. Fanya hivyo mahali pengi, katikati na kwenye njia za magurudumu, kwani barabara moja hutoa majibu tofauti.

Kabla hujaondoka, tazama mitaro. Katika mitaa yetu mingi tatizo linaanzia hapo: mfereji umejaa mifuko ya plastiki na mchanga, au bega la barabara limeinuka kwa vumbi na majani kiasi kwamba maji hayana pa kutokea ila juu ya lami. Zibua mitaro na ushushe mabega kabla ya kununua pipa hata moja la lami. Kazi hiyo inahitaji majembe na vijana wa mtaa tu, na kama bajeti ingenilazimisha kuchagua kitu kimoja katika mwongozo huu mzima, ningechagua hicho.

Majira ya kazi

Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, na hali yake ya hewa inatupa kalenda iliyo wazi: mvua kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili, kisha kiangazi kikavu kabisa. Wengi hudhani kwamba mradi mvua hazipo, kazi yoyote inakwenda. Sivyo. Juni na Julai usiku hushuka chini ya digrii 10, lami hubaki baridi mpaka asubuhi imekwenda sana, na emulsheni, ambayo ni bitumeni iliyosagwa na kuelea ndani ya maji, inahitaji joto ili maji yatoke na bitumeni ishike.

Kwa hiyo mimi hugawa kiangazi mara mbili. Mei hadi Julai ni miezi ya mitaro, viraka na kuziba nyufa. Agosti na Septemba, baridi inapokuwa imepungua na mvua bado ziko mbali, ni miezi ya kupaka. Mgawanyo huo una faida nyingine: kiraka kipya kinahitaji angalau mwezi mmoja wa kupitiwa na magari na kukomaa, la sivyo kitainyonya lami ya juu, na baada ya kupaka kitaonekana kama doa lililokauka. Oktoba naiogopa. Siku za joto kali huja na ngurumo ya jioni bila kubisha hodi, na mvua ya dakika ishirini juu ya emulsheni ambayo haijakauka huipeleka yote mtaroni.

Nyufa

Ufa mwembamba kuliko milimita 3 uache. Tabaka la juu litaufunika. Kuanzia hapo hadi sentimita mbili hivi, usafishe kwa waya na upepo wa kompresa mpaka kingo zake ziwe kavu na ngumu, kisha umimine lami ya kuzibia nyufa, ile iliyochanganywa na mpira, ikiwa ya moto kwa kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji. Usiijaze hadi ifurike. Ukanda mnene wa lami ulioachwa juu ya ufa hutokeza kwenye tabaka jipya, na siku ya joto hunata kwenye matairi. Ufa mpana kuliko huo ujaze kwa mchanganyiko wa emulsheni na mchanga mkali, ukiushindilia kwa ubapa wa chuma.

Vumbi letu jekundu ndilo adui mkubwa hapa. Hujaa ndani ya ufa na kugandamana kama udongo wa kufinyanga, na lami iliyomiminwa juu yake hutoka yote kama kamba mwaka unaofuata.

Kuchagua cha kupaka

Kama lami imegeuka kijivu na kuanza kumwaga mchanga, lakini nyufa ni chache, kunyunyizia emulsheni nyepesi kunatosha. Emulsheni inayokauka polepole huchanganywa na maji kwa kiasi sawa, na inanyunyiziwa takriban nusu lita kwa mita moja ya mraba, ikikaribia lita moja pale tu uso ulipokauka sana na una vishimo. Ili kujua kiasi chako, mwaga lita moja ya mchanganyiko huo kwenye mita moja ya mraba uliyoichora kwa chaki: ikiwa haijanyweka baada ya dakika mbili au tatu, punguza na ujaribu mahali pengine. Maji ndiyo yanayotiwa ndani ya emulsheni, kamwe si emulsheni ndani ya maji, na kabla ya kuchanganya pipa zima jaribu kwanza kwenye kopo, ulikoroge dakika chache na kulipitisha kwenye chujio laini lililoloweshwa. Mabonge yakibaki, maji ya kisima hicho hayapatani na emulsheni yako. Kazi hii hudumu mwaka mmoja hadi mitatu, na inapunguza kwa muda uwezo wa uso kushika matairi, hivyo kwenye mteremko mwaga mchanga juu yake.

Kwa viwanja vya maegesho na njia za ndani, ambako kokoto zinazoruka zingekuwa kero, kuna mchanganyiko mwepesi kama uji wa emulsheni, mchanga wa mawe yaliyosagwa, saruji kidogo na maji, unaotandazwa kwa kibao cha mpira kwa unene wa milimita chache. Hutoa uso mzuri, mweusi, sawasawa. Una hila moja: ukizidisha maji, kokoto huzama na lami huelea, na baada ya miezi michache uso huanza kubambuka.

Kwa barabara ya mtaa inayopitiwa na magari kila siku, mimi huchagua kumwagia lami na kutandaza kokoto. Hudumu kwa kawaida miaka mitano hadi saba, na inaweza kufanywa na watu wa mtaa bila mashine kubwa. Nitaieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayoharibika kwa uzembe kuliko zote.

Lami na kokoto

Anza na mawe. Yanatakiwa kuwa ya ukubwa mmoja, tuseme milimita 10, yenye pembe na yasiyo bapa, na yawe safi. Chukua konzi moja, uitie kwenye chupa ya maji na uitikise: maji yakiwa kama chai ya maziwa, osha shehena nzima au irudishe. Dolomaiti, jiwe la jamii ya chokaa, inashikana vizuri na lami lakini husuguliwa na malori mpaka ikateleza, hivyo ninaikubali kwenye mitaa ya makazi tu; kwarzaiti ni ngumu zaidi, ila inahitaji emulsheni ya aina inayobeba chaji chanya, kwa kuwa uso wa jiwe hilo una chaji hasi. Jiwe lolote lijaribiwe hivi: paka vipande kadhaa emulsheni, viache vikauke siku moja, vizamishe kwenye maji siku nyingine, kisha uvitazame. Lami ikiwa imebanduka na kuacha jiwe wazi, hata kwa sehemu ndogo, tafuta jiwe jingine.

Kiasi kinapatikana kwa kupanga. Tengeneza fremu ya mbao ya mita moja kwa mita moja, uiweke chini, na upange kokoto zijaze nafasi yote kwa safu moja tu, jiwe kando ya jiwe. Zipime uzito. Tuseme umepata kilo 12. Mtaa wa mita 300 wenye upana wa mita 6 una mita za mraba 1,800, kwa hiyo utahitaji kilo 21,600, na ukiongeza asilimia 10 za zile zitakazoruka unafika karibu tani 24. Emulsheni yenye asilimia 65 ya bitumeni ikimwagwa lita moja na nusu kwa mita ya mraba itaacha karibu lita moja ya bitumeni baada ya maji kutoka, na kwa mtaa huo ni lita 2,700, yaani mapipa 14 ya lita 200. Uso wenye vishimo vingi, kama ulivyouona kwenye kipimo cha mchanga, uongezewe kidogo; uso unaong'aa kwa lami iliyopanda juu upunguziwe.

Kwa kuwa wengi wetu hutumia bomba la mkono na si gari la kunyunyizia, chora mipaka ya kila pipa. Pipa moja la lita 200 kwa kiwango hicho linatosha mita za mraba 133, na ukifanya nusu ya barabara, mita 3, pipa linapaswa kwisha baada ya mita 44. Piga mstari wa chaki hapo. Fundi akimaliza pipa kwenye mita 35, amezidisha, na kila mtu anamwona. Kuhakikisha, weka juu ya lami sinia ya bati ya sentimita 50 kwa 50 uliyoipima uzito, mpe fundi apite, kisha uipime tena. Inapaswa kuwa imeongezeka gramu 375 hivi. Ikiongezeka gramu 300, umepata lita 1.2 tu kwa kila mita ya mraba.

Emulsheni ya asilimia 65 hupashwa moto hadi digrii 60 au 80, na isichemshwe, kwani kwa mwinuko wetu maji huchemka karibu digrii 96 na pipa litafurika na kuharibika. Fagia barabara mara mbili, mara ya pili kwa kufuata upepo unakoelekea. Funika vifuniko vya mashimo ya maji kwa makaratasi. Wafanyakazi wavae viatu vya kufunika, glavu na mikono mirefu. Anayemwagikiwa lami ya moto apoozwe kwa maji baridi ya kutiririka kwa dakika 20, asibanduliwe lami hiyo kwenye ngozi wala kusuguliwa kwa petroli, apelekwe hospitali.

Kisha mwendo wenyewe. Emulsheni hutoka ya kahawia, na inapoanza kushika hugeuka nyeusi. Kokoto lazima zitandazwe wakati bado ni kahawia, yaani ndani ya dakika moja au mbili, na wenye makoleo wasimame nyuma ya bomba kwa hatua chache tu. Kokoto ziwe na unyevunyevu kidogo, si kulowa. Rola ya matairi ya mpira ifuate mara moja, kwa mwendo wa mtu anayetembea, ikipita mara tatu au nne. Rola ya chuma tupu ninaiepuka kwa sababu huvunja kokoto na kuruka mabonde. Kama hakuna nyingine, pita na gari lenye mzigo wa wastani, polepole, bila kukata kona.

Mwaka mmoja nilifanya kosa ambalo sijalisahau. Ilikuwa Julai, kwenye barabara yenye mijakaranda pande zote mbili, na mwenye kazi alitaka tumalize kabla ya sherehe ya Jumamosi. Nilianza kumwaga saa mbili asubuhi. Upande wa jua ulishika vizuri. Upande wa kivuli emulsheni ilibaki kahawia chini ya kokoto mpaka adhuhuri, na sisi tukafungua njia. Kijana aliyekuwa akishika kibendera akaniita: “Shefu, mawe yanaondoka na matairi.” Nilipoinama nikakuta kokoto zinang'oka kwa vidole, chini yake maji ya kahawia. Tulirudia mita 60 kwa gharama yangu. Tangu siku hiyo sianzi kabla ya saa nne asubuhi, ninabeba kipimajoto cha uso wa lami, na kikionyesha chini ya digrii 15 tunakunywa chai. Sehemu za kivulini ninazifanya saa sita.

Usifungue njia mpaka kokoto ziwe zimeshika, na kwa siku mbili za kwanza mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. Weka matuta ya muda au watu wenye vibendera, maana kibao peke yake hakiheshimiwi. Asubuhi ya pili, lami ikiwa bado baridi, fagia polepole kokoto zilizolegea, uzirundike kando kwa ajili ya viraka. Ukiona mahali panang'aa kwa lami iliyopanda juu, mwagia mchanga mkali mchana wa joto na uache magari yaubonyeze.

Rudi baada ya mvua kubwa ya kwanza ya Novemba, na chaki yako, kwa miguu. Angalia kingo kwanza, kisha maungio kati ya nusu mbili za barabara, ambako lami huwa imepungua, na mahali ambapo mabomba ya maji yaliwahi kupitishwa. Palipobanduka pana ukubwa wa kiganja leo; pazibe wiki hiyohiyo kwa kopo la emulsheni na zile kokoto ulizorundika.